Kwenu wapi? Heri na uraia wa dunia kwa Wagiriki na Warumi wa kale

Mgeni akikaribishwa, hata chai haijapoa ataulizwa: kwenu wapi? Diogenes, mzaliwa wa Sinope katika pwani ya Bahari Nyeusi, naye aliulizwa swali hilo huko Ugiriki, karne ya 4 KK. Zama zile jibu lilikuwa jina la mji, kwa sababu mji ndio uliompa mtu sheria, mahakama, miungu, shamba na kaburi. Diogenes akajibu kwamba yeye ni kosmopolites, raia wa ulimwengu.

Wahenga wetu wangemkata kauli palepale: mkataa kwao mtumwa. Na visa vyake vinasema kweli alikuja kuwa mtumwa. Alitekwa na maharamia, akanadiwa Krete, na dalali alipomuuliza anajua kazi gani, akasema, "Kutawala watu." Kisha akamwonyesha kidole mnunuzi mmoja aliyevalia vizuri: "Niuze kwa huyu, anahitaji bwana."

Siku hizi jibu lake kuhusu ulimwengu hunukuliwa kama kauli tamu ya upendo kwa binadamu wote, ya kuchapwa kwenye fulana. Mimi sioni utamu wake. Diogenes alikuwa amefukuzwa Sinope kwa kashfa ya kuharibu sarafu, na Athens alikohamia hakuwa na haki za raia. Yaliyomtoka yalikuwa maneno ya mtu asiye na kwao. Hata hivyo, maneno hayo yalikuja kuishia, miaka mia tano baadaye, katika daftari la Kaisari wa Roma.

Safari hiyo haieleweki usipoanzia kwenye swali la furaha. Kwa watu wale maswali haya mawili yalishikana: mtu anahitaji nini ili maisha yake yaitwe mema? Ikiwa mji wake umo katika jibu, ulimwengu hauwezi kuwa na raia. Ikiwa haumo, kamba iliyomfunga mtu kwenye mji imekatika, na itabidi kuuliza sasa amefungwa na nini.

Furaha, kusema kweli, si neno lenyewe. Furaha huja mshahara ukiingia na kuondoka mwenye nyumba akibisha hodi. Wagiriki walisema eudaimonia: eu ni vyema, daimon ni nguvu ya kiroho inayomwandama mtu. Ni hukumu juu ya maisha mazima, na hutolewa kwa kuchelewa. Herodotus anasimulia jinsi Croesus, mfalme tajiri wa Lydia, alivyomtembeza Solon wa Athens katika hazina zake, kisha akamuuliza nani amejaliwa heri kuliko watu wote. Solon akamtaja Tellus, mtu ambaye mfalme hakuwahi kumsikia. Aliishi Athens mji ukiwa na neema, akapata watoto wema, akawaona wajukuu wote wakiwa hai, akafa vitani akiupigania mji, na mji ukamzika kwa gharama yake pale alipoanguka. Hesabu mji umetajwa mara ngapi.

Kwa Kiswahili neno lililo karibu ni heri. Jingine tunalo bila kujua. Wafasiri wa Kiarabu waliomhamisha mwanafalsafa Aristotle kutoka Kigiriki, zama za Baghdad ya karne ya 9 na ya 10, waliandika saada mahali pa eudaimonia. Mzizi huo ndio uliotupa Saidi, Saada na Masudi, kwa hiyo ni nadra mtaa wa pwani kukosa mtu aliyepewa jina la tatizo hili la falsafa. Neno arete wakalifanya fadhila. Kwetu fadhila imesogea ikawa hisani, ile ambayo punda huilipa kwa mateke. Kwa Wagiriki ilikuwa ubora wa kitu katika kazi yake: fadhila ya kisu ni kukata, ya farasi ni kukimbia.

Aristotle anaanzia kwenye kisu hicho. Seremala ana kazi yake, mshona viatu ana yake, jicho lina yake. Ingekuwa ajabu mtu mwenyewe awe hana. Kazi ya mtu ni kuishi kwa akili, na heri ni kuifanya kazi hiyo vizuri, tena kwa umri mzima, maana mbayuwayu mmoja haleti majira ya kuchipua. Mpaka hapo mji haujatajwa. Unaingia pale anapokiri jambo ambalo wengi baada yake walilikwepa, kwamba wema peke yake hautoshi. Mtu anahitaji marafiki, mali kiasi, watoto, na bahati isiyomwangusha kama ilivyomwangusha mzee Priam wa Troy, aliyezika wanawe kisha akashuhudia mji wake ukianguka. Anahitaji pia watu wa kutenda nao, kwa sababu ukarimu, haki na ujasiri havitendeki na mtu aliye peke yake. Asiye na mji na asiyeuhitaji, aliandika, ama ni mnyama ama ni mungu.

Kinachonishangaza ni nani aliyeandika hayo. Aristotle alizaliwa Stagira, kaskazini, mwaka 384 KK. Athens, alikofundisha, alikuwa mgeni mkazi. Tangu sheria ya Pericles ya mwaka 451 KK, raia alikuwa yule tu ambaye baba na mama yake wote ni wa Athens. Wageni wakazi walilipa kodi ya kichwa, drakma 12 kwa mwaka kwa mwanamume, hawakupiga kura, wala hawakumiliki ardhi bila ruhusa maalumu. Alexander, mfalme wa Makedonia aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alipofariki mwaka 323 KK, chuki dhidi ya watu wa Makedonia ikapanda, Aristotle akashtakiwa kwa kukufuru, akaondoka, na mwaka uliofuata akafia Chalcis. Mji alioufanya sharti la heri haukuwahi kuwa wake.

Na mtu huyohuyo alitetea kwamba wako watu walio watumwa kwa maumbile. Lakini katika maandishi yake juu ya urafiki kuna sentensi moja inayopita kama mgeni asiyepewa kiti: safarini, anasema, mtu huona jinsi kila binadamu alivyo ndugu na rafiki wa binadamu mwenzake. Aliiacha hapo.

"Mnyama au mungu." Athens ya siku zake ilikuwa na mtu aliyeichukua changamoto hiyo kwa mwili wake. Diogenes waliyemwita mbwa alilipokea jina, akalala ndani ya mtungi mkubwa wa udongo, na alipomwona mtoto akinywa maji kwa viganja akakitupa kikombe chake, akisema mtoto amemshinda. Alikuwa na mistari ya tamthilia aliyoikariri kama anayejitambulisha: asiye na mji, asiye na nyumba, aliyenyang'anywa nchi, ombaomba, mzururaji wa riziki ya leo. Alexander alipomsimamia huko Corinth na kumwambia aombe atakacho, aliomba asogee, anamkinga jua. Visa hivi vingine huenda vilitiwa chumvi, ila mantiki yake haiyumbi. Kila alichokitupa kilikuwa swali kwa Aristotle: na hiki kikiondoka, heri imeondoka? Kila mara jibu lake lilikuwa hapana. Tatizo ni kwamba uraia wake wa ulimwengu haukuwa na chochote ndani: hauna jirani, hauna wajibu, hauna hata mkutano wa kijiji. Anatuambia tu asichokuwa.

Aliyeujaza alikuwa mfanyabiashara aliyepata hasara. Zeno wa Citium, mji wa Kipro wenye damu ya Kifoinike, alipoteza shehena ya rangi ya zambarau meli ilipovunjika karibu na Athens. Simulizi zinasema aliketi katika duka la vitabu, akasikia habari za Socrates zikisomwa, akauliza watu kama yule wanapatikana wapi. Mwenye duka akamwonyesha Crates, mfuasi wa Diogenes, aliyekuwa akipita njia. Baadaye Zeno mwenyewe akaanza kufundisha kwenye stoa, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa sababu stoa ni baraza. Palikuwa baraza la umma lenye michoro ukutani, watu wakipita na kusimama kusikiliza. Wastoiko ni watu wa barazani. Baada ya Zeno likaongozwa na Cleanthes wa Assos, aliyepata riziki kwa kumwagilia bustani za watu usiku ili mchana asome, kisha Chrysippus wa Soli. Katika hao watatu hakuna hata mmoja aliyezaliwa Athens.

Hoja yao huenda hivi. Kilicho chema kweli ni kile kisichoweza kumdhuru mwenye nacho na kisichoweza kuporwa, na hicho ni fadhila tu. Afya, mali, sifa, watoto, hata uhai, ni vitu vya kupendelewa, si vya kuitwa vyema. Mfano uliohifadhiwa na Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, ni wa mpiga upinde: kazi yake ni kulenga kwa ustadi wote, lakini mshale ukishatoka, upepo si wake. Heri iko katika kulenga. Fadhila nayo ni akili iliyokamilika, na akili wanayo watu wote, wa Athens na wa Susa, mke na mume, mwenye shamba na mtumwa wake. Wanaoshiriki akili moja wanashiriki sheria moja ya lipi litendwe na lipi liachwe. Wenye sheria moja ni raia wenza. Basi ulimwengu ni mji mmoja, na kila mwenye akili amezaliwa ndani yake.

Angalia mlango tulioingilia. Uraia wa dunia umekuja kama tokeo la kusema heri haitegemei chochote cha nje. Sikushawishiki na kila pingili ya mnyororo huu, hasa ya kwanza, lakini ulikwenda mbali. Waliosoma Matendo ya Mitume sura ya 17 wamekutana nao: Paulo anajadiliana Athens na Waepikureo na Wastoiko, kisha anawanukulia mshairi wao, "sisi sote tu wazao wake." Maneno hayo ni ya Aratus, mtu wa Soli kama Chrysippus.

Mlango huohuo, hata hivyo, ndio uliowanasa. Epictetus alizaliwa mtumwa huko Hierapolis karibu mwaka 50 BK, akamtumikia Epaphroditus, mtu wa ikulu ya Kaisari Nero aliyewahi kuwa mtumwa yeye mwenyewe. Alipopata uhuru alifundisha Roma, mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, akahamia Nicopolis. Aliwaambia wanafunzi wasiseme mimi ni wa Athens au wa Corinth; waseme ni wa ulimwengu. Na uhuru, alifundisha, ni kutotamani kisicho mikononi mwako. Kiswahili kinaijua safari ya namna hiyo: uungwana ulikuwa hadhi ya mtu huru mwenye mji wake, leo ni tabia, na asiye na kitu anaweza kuwa mwungwana kumpita tajiri. Ni wazo zuri sana mdomoni mwa aliyekuwa mtumwa. Mdomoni mwa anayewamiliki watumwa lina ladha nyingine.

Maana Seneca, mwalimu wa Nero na mmoja wa matajiri wakubwa wa Roma, aliandika barua maarufu kuhusu watumwa. "Ni watumwa," husema watu. "Hapana, ni binadamu." "Ni watumwa." "Hapana, tunaishi nao nyumba moja." Anataka bwana ale nao, azungumze nao, asiwapige. Kisha anawahi kujitetea: atatokea wa kusema nawaita watumwa wavae kofia ya uhuru, ile ambayo Warumi walimvika aliyeachwa huru. Haitaki kofia hiyo. Na kwa hoja yake hahitaji kuitaka. Ikiwa hakuna kilicho chema kweli kinachoweza kunyang'anywa, mtumwa hajanyang'anywa kitu. Aristotle, aliyejua kwamba njaa, upweke na msiba hubomoa maisha, alikuwa na macho ya kuliona dhara hilo, ila hakumwona mtumwa kuwa mtu kamili. Wastoiko walimwona mtu, wakapoteza macho ya kuona dhara.

Seneca mwenyewe alijaribiwa. Kaisari Claudius alimhamishia Corsica, ambako alikaa kuanzia mwaka 41 hadi 49 BK. Alimwandikia mama yake kwamba mwenye hekima hana ugeni popote, kwa sababu maumbile na fadhila yake husafiri naye. Kutoka kisiwa hichohicho alimwandikia Polybius, mtu wa karibu wa Kaisari, barua ya kumfariji kwa msiba, iliyojaa kumsifu Claudius na kuomba arudishwe. Simcheki. Barua ya pili inatueleza uhamisho ulivyo kuliko ile ya kwanza.

Kabla yake Cicero aliuliza swali la mtu wa sheria: mgeni nisiyemjua ananidai nini? Katika kitabu cha wajibu alichomwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athens, mwaka 44 KK, anajibu kwamba tusimnyime maji ya mtoni, tumwache awashe moto wake kwenye wetu, na anayesitasita tumpe ushauri wa kweli. Yaani vile ambavyo mtoaji hapungukiwi. Wajibu wa kutomdhuru ni kwa watu wote, lakini mfuko unafunguliwa kwa ndugu, marafiki na nchi. Ubahili huo umerithiwa na mataifa mengi. Lakini mahali pengine katika kitabu hicho anakemea sheria kama ile ya Papius ya mwaka 65 KK, ya kuwatoa wageni Roma. Kumzuia asiye raia kujifanya raia ni sawa, anasema. Kuwakataza wageni kuutumia mji ni ukosefu wa utu. Mwaka mmoja baada ya kukiandika aliuawa kwa amri ya wakubwa wa nchi aliyoipenda kuliko dunia.

Anayenifurahisha zaidi hana umaarufu wote huo. Hierocles, Mstoiko wa karne ya 2 BK, anasema kila mtu amezungukwa na duara ndani ya duara. Katikati ni nafsi na mwili. Kisha wazazi, ndugu wa tumbo moja, mwenza na watoto. Kisha wajomba, mashangazi, babu na bibi. Kisha jamaa wengine, wa kitongoji, wa kabila, wa mji, wa miji jirani. Mwisho binadamu wote. Kazi yetu ni kuzivuta duara za nje ziingie ndani, na anatoa zoezi la kuanzia: waite binamu ndugu, na wajomba na mashangazi waite baba na mama. Umbali wa damu utapunguza upendo, anakiri, basi jitihada izibe pengo.

Hapo msomaji wa Kiswahili lazima atabasamu. Anachokipendekeza kama mazoezi ya falsafa kwetu ni adabu ya mtoto wa miaka mitatu. Mdogo wake baba ni baba mdogo, dada yake mama ni mama mkubwa au mdogo, na kondakta wa basi ambaye hatutamwona tena ni kaka. Kwa hiyo tunaweza kumpa Hierocles ripoti kutoka uwanjani. Zoezi linafanya kazi kwa kiasi: ukishamwita mtu mama ni vigumu kumtukana. Na lina udanganyifu wake, maana anayekuita ndugu yangu sokoni ndiye anayekupandishia bei. Hata hivyo amegundua jambo ambalo Diogenes hakuligusa. Hakuna haja ya kukataa kwao ili kufika duniani, kwa sababu duara za ndani ndizo zinazotufundisha kuvuta.

Marcus Aurelius, aliyeitwa pia Antoninus, Kaisari kuanzia mwaka 161 hadi 180 BK, alijiandikia kwa Kigiriki: kwangu mimi Antoninus, mji na nchi ni Roma, kwangu mimi mtu, ni ulimwengu. Sehemu ya daftari hilo inasema iliandikwa katika nchi ya Waquadi, vitani upande wa pili wa Danube. Anajiandikia pia kwamba buibui hujivuna akikamata nzi, mtu mwingine akikamata sungura, mwingine akiwakamata Wasarmatia. Na ukiwapima, hawa wote si wanyang'anyi? Mwaka 175 alipokea jina la heshima la Sarmaticus, mshindi wa Wasarmatia.

Uraia wa karatasi ulikuwa na safari yake. Katika Matendo, Paulo anaponea mjeledi kwa kutaja Urumi wake, na jemadari anamwambia yeye aliununua kwa fedha nyingi. Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliutoa kwa karibu watu huru wote wa milki yake. Mwanahistoria wa zama hizo, Cassius Dio, anasema alitaka walipa kodi zaidi.

Umebaki upande mmoja ambao husahauliwa, kwa sababu uraia wa dunia huhesabiwa kuwa mali ya Wastoiko. Waepikureo waliambiwa wajifiche, wasigombee vyeo, wale mkate na marafiki bustanini. Epicurus aliifungua bustani hiyo Athens mwishoni mwa karne ya 4 KK, na wanawake na watumwa walikaribishwa. Heri kwake ni raha, ila raha yake ni mwili usiouma na moyo usio na hofu. Nani angetegemea watu kama hao wajali wageni?

Oenoanda ni mji mdogo wa milimani katika Lycia, Uturuki ya leo. Huko, katika karne ya 2 BK, mzee mmoja mgonjwa aitwaye Diogenes, jina tu lililofanana na la yule wa mtungi, alilipia mafundisho ya Epicurus yachongwe katika baraza la umma, makumi ya mita za maandishi kwa kila apitaye. Alieleza kwamba jua la maisha yake linazama, na anataka kuwasaidia waliopo, watakaozaliwa, na wanaoitwa wageni. Kisha akaongeza kwamba hao kwa kweli si wageni: vipande vya ardhi humpa kila mmoja nchi yake, lakini dunia nzima ni nchi moja kwa wote, na ulimwengu ni nyumba moja. Baadaye baraza lilibomolewa na mawe yake yakajengea kuta nyingine. Watafiti Wafaransa walianza kuyatambua mwaka 1884, na mpaka sasa takriban vipande 300 vimepatikana, vingine vikiwa na nusu ya sentensi ambayo nusu yake ya pili bado iko ndani ya ukuta wa mtu au chini ya udongo.